Kizazi Kiliposhuka

Ugonjwa nitakaousimulia hapa wanawake wengi wa kwetu Rombo, mkoani Kilimanjaro, wanaujua, ila hautajwi. Wanaoutaja husema kizazi kimeshuka, au nyama imetoka, tena kwa kunong'ona na baada ya kuangalia mlangoni. Wengine hawasemi kabisa. Wanajifunga kitambaa kwa ndani, wanakaza kanga juu yake na kwenda kukata majani. Nami niliishi hivyo miaka mingi, nikiwa mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mtu na mama wa watoto watano. Leo nimepona, na sioni sababu ya kunyamaza.

Nianze na kazi, kwa kuwa ugonjwa huu huku kwetu hauelezeki bila kueleza kazi za mwanamke wa mlimani. Ng'ombe wetu hawatoki zizini. Wanalishwa palepale, na majani yao yanatoka chini, kwenye mashamba ya tambarare. Mwanamke anashuka alfajiri na mundu na kamba, anakata, anafunga mzigo, anajitwisha na kuupandisha mlima. Akifika, kuna maji. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa kilo 20, na hakuna nyumba inayotosheka na ndoo moja. Siku ya soko la Mkuu kuna mikungu ya ndizi. Mimi shule ilinipunguzia kidogo, lakini Jumamosi na likizo zote nilikuwa kwenye majani na wenzangu, na siku za kazi nilisimama mbele ya ubao kutwa nzima.

Watoto wangu wote niliwazaa kwa njia ya kawaida, wa kwanza nyumbani kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara. Wa tatu alizidi kilo nne. Nilianza kuhangaika naye alfajiri, akazaliwa jua limeshazama. Uzazi wa kwanza nilikaa ndani miezi mitatu kama mila yetu inavyotaka, nikila mtori, nikilindwa nisiguse hata jembe. Kadiri watoto walivyoongezeka, ndivyo siku za kukaa ndani zilivyopungua, maana ng'ombe hajui kwamba mtu amejifungua. Baada ya mtoto wa mwisho nilirudi kwenye majani kidonda cha msamba hakijakauka vizuri.

Ugonjwa ulianza polepole. Jioni nilikuwa nahisi uzito chini ya kitovu, kama kuna kitu kinataka kudondoka, na kiuno kinauma. Nikilala, asubuhi naamka sina kitu. Siku moja naoga, mkono ukagusa kitu laini cha mviringo pale kwenye mlango wa uke. Nilikisukuma kwa kidole, kikarudi ndani. Kesho yake jioni kikashuka tena. Miaka ilivyokwenda, na hasa hedhi ilipokoma, hakikungoja jioni. Nikisimama tu kiko nje. Mwanzoni nilikuwa nikikohoa mkojo unanitoka. Baadaye ikawa kinyume: naingia chooni nimebanwa, mkojo hautoki mpaka nikiinue kile kitu kwa vidole. Haja kubwa nayo ikawa ya kuhangaikia. Kitambaa nilichojifunga kilikuwa kinanikwaruza, nikapata vidonda vilivyotoa majimaji, na majimaji yale yakaleta harufu. Kanisani nikahamia benchi la mwisho, karibu na mlango. Darasani nilikaa upande upande kwenye ncha ya kiti, na wanafunzi wakadhani mwalimu ana haraka.

Nilikwenda kutibiwa, tena si mara moja. Nilikuwa nikieleza kwamba mkojo unasumbua, napewa dawa za UTI, naondoka. Katika safari zote hizo hakuna aliyeniambia nipande kitandani anitazame. Hili bado linaniuma. Mtoa huduma aliyesomea kazi yake, akiona mama wa watoto watano anarudi na malalamiko yaleyale, hapaswi kungoja mama huyo apate ujasiri wa kutamka neno uke. Yeye ndiye wa kuuliza.

Nyumbani kulikuwa na maelezo ya namna nyingine. Wifi yangu mmoja alisema ni kwa kuwa sikukaa uzazi wangu vizuri. Mwingine alisema, si mbele yangu, kwamba mwanamke mtulivu hapatwi na mambo hayo. Nililetewa mizizi ya kuchemsha na kukalia mvuke wake. Mume wangu hakunitukana hata siku moja, lakini alihamishia godoro lake chumba cha watoto waliokwisha kuondoka, na hatukulizungumzia.

Mambo yaligeuka siku ambayo sikuitegemea. Akina mama wa parokia tuliitwa kupima saratani ya mlango wa kizazi, bure, kwenye kituo cha jirani. Nikaona aibu kukataa, kwani mimi ndiye niliyekuwa nikiandika majina. Muuguzi aliyenipima alikuwa dada wa makamo, umri wa mdogo wangu wa mwisho. Aliwasha taa, akakaa kwenye stuli yake, akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama, hiki kimekusumbua tangu lini?" Nilishindwa kujibu. Nililia pale pale kitandani, miguu ikiwa juu, naye akanishika goti mpaka nilipomaliza. Kisha akanifunika na kusema, "Hii ina matibabu, mama. Leo sikuachi uondoke bila barua ya rufaa."

Kwenye hospitali ya rufaa nilipokelewa na daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake. Aliniambia nikaze pumzi nisukume, nikohoe, kisha nisimame nikohoe tena, huku akipima kwa kijiti chenye alama za sentimita. Alisema hali yangu ni hatua ya tatu, na kwamba hatua ya mwisho ni ya nne, pale kila kitu kinapokuwa nje. Kizazi kilikuwa kimeshuka, na ukuta wa mbele wa uke ulikuwa umeburuta kibofu kuja nao. Alichora kwenye karatasi. Chini ya nyonga, alisema, kuna misuli na kano zinazobeba kibofu, kizazi na njia ya haja kubwa, kama kamba za kitanda zinavyombeba aliyelala. Uzazi mgumu huzivuta na kuzichana, kukoma hedhi huzidhoofisha, na mizigo, kikohozi cha muda mrefu na kujikamua chooni huzimalizia. Nilimuuliza kama yapo niliyoyatenda yaliyoniletea. Akanijibu, "Mwalimu, umezaa na umebeba. Basi."

Daktari hakukimbilia kisu. Alinianzishia mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, yaleyale ambayo daktari wa Marekani Arnold Kegel aliyaeleza mwaka 1948, na akanieleza wazi kwamba kwa hatua yangu hayatakirudisha kizazi, ila yataimarisha kilichobaki. Kisha akanivalisha pete. Ni duara la silikoni, linakunjwa, linaingizwa ukeni, likifunguka linashikilia kizazi kisishuke. Nilishangaa kuambiwa kwamba wazo lenyewe ni la kale mno: tabibu Hippocrates na wenzake huko Ugiriki walikuwa wakitumia nusu ya komamanga. Muuguzi alinifundisha kuitoa, kuiosha kwa maji na sabuni na kuirudisha mwenyewe, nikiwa nimepandisha mguu mmoja juu ya kiti. Nilipewa pia krimu ya homoni ya kupaka, vile vidonda vikapona.

Pete ile niiheshimu kwa haki yake. Ndiyo iliyonifanya nirudi kukaa sawasawa kwenye kiti. Kuna wanawake inawatosha maisha yao yote, hawahitaji upasuaji, na ni vyema kila mmoja aijaribu kwanza. Kwangu ilikuwa inachomoka nikichuchumaa au nikinyanyua kitu, na safari za kwenda hospitali kwa ajili yake zikawa nyingi. Nikarudi kwa daktari nikamwambia niko tayari.

Hapo ndipo binti yangu, anayefanya kazi Arusha, alipoingia katika habari hii. Alikuwa amesoma kwenye simu kuhusu wavu unaotumika kushikiza kizazi na akaogopa. Alikuja nami hospitali akiwa na maswali yake ameyaandika. Daktari hakukasirika. Alikubali kwamba nyavu zilizokuwa zikiwekwa kwa kupasua ukuta wa uke ziliwaumiza wanawake wengi: wengine zilitokeza ukutani, wengine wakabaki na maumivu yasiyokwisha. Uingereza ilisimamisha matumizi yake mwaka 2018, na Aprili 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru kampuni ziache kuziuza kwa ajili ya upasuaji huo wa ukeni. Amri ile ya Marekani haikugusa wavu unaowekwa kupitia tumboni, kwa sababu huo ukuta wa uke haupasuliwi na madhara yake ni machache. "Machache, si kwamba hakuna," alisema, na akayataja: wavu kutokeza, kuumia kwa kibofu au utumbo, na ugonjwa wenyewe kurudi baada ya miaka. Alieleza pia njia isiyo na wavu kabisa, inayofanyiwa ukeni bila kugusa tumbo. Binti yangu alifunga daftari lake, akaniambia, "Mama, huyu anatuambia ukweli." Nilikubaliana naye. Daktari anayekutajia hatari kabla hujauliza ndiye wa kumwachia mwili wako.

Tulichagua wavu wa kupitia tumboni, kwa upasuaji wa matundu madogo. Sababu alizotoa daktari ni kwamba nilikuwa bado na nguvu za kufanya kazi, kizazi changu hakikuwa na ugonjwa mwingine, na kukishikiza juu kwa njia hii hudumu zaidi kwa mtu ambaye mwili wake bado utafanya kazi. Kizazi hakikutolewa. Kuna wanaofikiri matibabu ya kizazi kilichoshuka lazima yawe kukiondoa, sivyo. Kikiwa kizima, kinaweza kurudishwa mahali pake.

Hivi ndivyo inavyofanyika, kama nilivyoelezwa na kuonyeshwa kwenye picha. Unapewa nusu kaputi. Wanatoboa kijitundu kitovuni na vingine vichache pembeni, vya nusu sentimita hadi sentimita moja hivi. Tumbo linajazwa hewa ya kaboni dayoksaidi ili kuta zake ziinuke na pawe na nafasi. Kitanda kinainamishwa, kichwa chini, ili utumbo usogee kuelekea kifuani. Kamera inaingia kitovuni, na daktari anafanya kazi akiangalia kioo, mikono yake ikiwa kwenye vyuma vyembamba virefu. Anashona upande mmoja wa wavu kwenye shingo ya kizazi, upande wa pili anaufunga kwenye mfupa ulio mwisho wa uti wa mgongo, juu ya nyonga. Kizazi kinapanda. Mwishoni wanafunika wavu kwa utando wa ndani ya tumbo ili utumbo usigusane nao. Njia hii ya kupasua kwa kamera ina deni kubwa kwa daktari wa wanawake wa Ujerumani, Kurt Semm, ambaye mwaka 1980 alitoa kidole tumbo kwa vijitundu, na wenzake wakambeza vikali. Nikifikiria ni wanawake wangapi wamenusurika na jeraha la tumbo zima kwa sababu mtu yule hakurudi nyuma, namshukuru kwa moyo wangu wote.

Nilipozinduka sikuumwa tumbo kama nilivyotarajia. Nilichoumwa ni bega. Nesi akanieleza ni ile hewa iliyobaki, inachokoza chini ya mbavu na maumivu yanasikika begani, yatakwisha. Yakaisha. Kesho yake walitoa mpira wa mkojo, nikaenda chooni kwa miguu yangu nikiegemea ukuta. Nilichuchumaa, nikapeleka mkono chini kwa mazoea. Hapakuwa na kitu cha kuinua. Mkojo ukatoka wenyewe, moja kwa moja, mpaka ukaisha. Nilibaki mle nikirudia "asante, Mungu wangu" mpaka nesi akagonga mlango kuuliza kama niko mzima.

Kitanda cha jirani alilala bibi mmoja kutoka Same, mtu mzima sana, mwenye presha. Yeye hakufanyiwa kama mimi. Walipitia ukeni, kwa ganzi ya mgongoni, wakatoa kizazi na kushikiza sehemu ya juu ya uke kwa nyuzi kwenye kano za nyonga. Hakuna wavu, na tumboni hana hata mkwaruzo. Alitembea kabla yangu. Namtaja kwa sababu wapo watakaosoma haya na kudhani pasipo na kamera hapana matibabu. Njia ya ukeni inafanyika katika hospitali nyingi zaidi, nayo pia haimpasui mtu tumbo.

Barua ya kutoka hospitali ilikuwa na masharti: wiki sita bila tendo la ndoa, bila kunyanyua kitu kizito kuliko birika la chai, ninywe maji, nile papai na mboga ili nisijikamue chooni. Chini yake daktari aliongeza kwa mkono wake kwamba mizigo ya kichwani iishe kabisa, na si kwa wiki sita tu. Kisha akamwita mume wangu ndani. Alimchorea picha ileile aliyonichorea mimi. Mume wangu aliitazama muda mrefu, akauliza, "Kwa hiyo ni mizigo?" Daktari akasema ni uzazi na mizigo, na uzazi umeshapita. Tulipotoka nje aliniambia, "Mama watoto, nisamehe kwa godoro." Tukasimama pale kwenye ngazi kama vijana, watu wakitupita.

Upasuaji ulichukua saa chache. Kupanga upya kazi za nyumba yetu kulichukua miezi, na naweza kusema ndio uliokuwa ugumu wenyewe. Nani atashuka tambarare? Mume wangu alianza kwa kumlipa kijana wa bodaboda kupandisha majani. Hela ikawa kubwa. Ndipo akapanda matete kwenye kingo za matuta ya kihamba, yaani shamba letu la nyumbani, na sasa nusu ya chakula cha ng'ombe kinakatwa hatua chache kutoka zizini, na anakata yeye au kijana wetu. Ng'ombe mmoja tuliuza. Kijijini walisema mwalimu ameoa mume. Nilimwona akisikia maneno yale na kuendelea kunoa mundu.

Mama mkwe wangu alikuja kuniona siku za mwanzo, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza nimefanyiwa nini hasa. Nikamweleza yote bila kuficha, nikamwonyesha vile vialama vinne tumboni. Alivigusa kimoja kimoja. Akasema, "Mimi changu kilitoka nilipomzaa mume wako." Mume wangu ana zaidi ya miaka sitini. Mama huyu nimekaa naye, nimepika naye, nimebeba naye majani, wala sikujua. Nilimpeleka kliniki mwenyewe. Hakutaka upasuaji na hakuna aliyemlazimisha. Amevaa pete, binti yangu ndiye humsaidia kuiosha akija likizo, na siku hizi mama anakaa misa nzima.

Siku moja yule muuguzi aliyenipa rufaa aliniambia kuhusu utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliopima wanawake zaidi ya 1,000 wa vijijini mkoani kwetu Kilimanjaro. Karibu theluthi mbili yao walikutwa viungo vyao vya nyonga vimeshuka kufikia hatua ya pili au zaidi, na kama 7 katika kila 100 walikuwa katika hali mbaya. Mambo yaliyohusishwa na kushuka huko ni pamoja na kuzaa mara nyingi, kujifungulia nyumbani, kazi ya kilimo na kubeba mizigo mizito saa nyingi kwa siku. Nilipozisikia takwimu hizo nilihesabu wenzangu wa jumuiya yetu kwa majina, nikajua kwa nini baadhi yao hawapigi magoti.

Kwa hiyo sasa naongea. Naongea kwenye vikao vya akina mama, na wakinifuata pembeni naenda nao. Wenye bima ya utumishi kama mimi hawasumbuki sana na gharama. Wasio nayo ndio wanaoninyima usingizi, na tangu Bunge lipitishe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023 nimekuwa nikiwauliza viongozi wetu, kila wanapokuja kijijini, lini itamfikia mkata majani. Nitaendelea kuwauliza.

Jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji alivalishwa pete mwezi uliopita, na amepangiwa upasuaji wa ukeni baada ya mavuno ya kahawa. Jumapili iliyopita tuliwaita wanawe wote watatu, wakubwa hao, wawili wana wake zao. Tuliandika kwenye daftari nani atakata majani, nani atachota maji, na nani atapeleka ndizi sokoni mama yao akishatoka hospitali. Wa kati alilalamika kwamba yeye ana duka. Mama yake akamwambia alifunge Jumamosi, na ndivyo ilivyoandikwa.